Kiflama cha Mama Rosalie

Mama Rosalie wa mtaa wa Panda huhesabu mishono kwa Kiflama. Majirani wamekwisha kumzoea. Akiinamia cherehani yake barazani, miwani ikiwa imemteleza hadi puani, utasikia "een, twee, drie" mpaka kumi, kisha anaanza upya, na watoto wa mtaa humwiga wanaporuka kamba. Ukimuuliza lugha hiyo aliipata wapi, kama ana kazi nyingi atakujibu kwamba ni ugonjwa wa utotoni. Kama hana kazi, tafuta kiti, maana leo hutaondoka mapema.

Kiflama ni lugha ya Wabelgiji wa kaskazini, wale ambao kwao kijijini Kifaransa hakisemwi. Leo katika mji wetu wa Likasi, kusini mwa Kongo, kuanzia Shituru hadi Kikula, sidhani kama yupo mwingine anayekijua. Rosalie anacho chote kichwani, wala hana mtu wa kumpa hata salamu.

Habari hii ilifufuliwa na mjukuu wake, Gaëlle, ambaye Rosalie amemlea tangu aachishwe ziwa kwa sababu mama yake anafanya kazi Kolwezi. Mwaka juzi Gaëlle alifaulu mtihani wa serikali. Wakammwagia poda nyeupe kichwani, kama ilivyo desturi yetu mtu akipata diploma, akazunguka mtaa mzima mweupe kama mtu aliyetoka kwenye mashine ya kusaga unga. Poda ikaoshwa, swali likabaki: sasa atafanya nini? Kituo kimoja cha mafunzo mjini kikatangaza kozi za lugha kwa vijana wanaotafuta kazi viwandani. Kiingereza, Kichina, Kireno. Unachagua moja tu, na orodha inafungwa Jumatatu. Basi Jumapili, baada ya misa, ukoo ukaketi barazani kwa Rosalie.

Wa kwanza kusema alikuwa Pitshou, mdogo wake Rosalie, maana Pitshou hajawahi kumngoja mwenzake amalize kumeza. Alichimba madini Kamatanda miaka mingi, sasa anaendesha taxi-bus, na mtu anayeendesha taxi-bus husikia maneno ya mji mzima akadhani ni yake.

"Ni Kichina tu," alisema. "Bachinois njo bako na kazi yote leo. Na shiye banasema Kifaransa ya kuvunjika-vunjika, lakini mambo ya mishahara ikifika, banarudia mu luga yabo. Mutoto akiyua ile luga, tutayua siri yabo yote."

Rosalie akajichoma sindano. Alikuwa anamalizia suruali ya jirani yao Théodore, ambaye alikuwa amekaa pembeni akiingoja, na miaka mingi ilikuwa imepita tangu ajichome mara ya mwisho. Akanyonya kidole, akaendelea kushona.

Marlène, dada yao aliyeolewa Mulungwishi kwenye misheni ya Wamethodisti, alikitetea Kiingereza. Kwao wageni wa misheni husema Kiingereza, na yeye mwenyewe anajua "good morning" ya kutosha. "Anglais inafika fasi yote," alisema. "Na Zambie iko hapa karibu tu."

"Kireno," akasema Théodore, ambaye hakuna aliyemuuliza. Alifanya kazi ya reli miaka thelathini, na tangu aliposikia kwamba treni za shaba zitapita tena kwa wingi kwenda Lobito, bandarini Angola, usingizi wake umekuwa mtamu. Wakamwacha aseme, kwa kuwa hakuwa na suruali nyingine ya kuondokea.

Walipochoka kubishana wakamgeukia Rosalie, kwa sababu aliyelea mtoto ndiye mwenye neno la mwisho.

"Yaya, dada yetu mukubwa, sema weye," alisema Pitshou.

Gaëlle naye alikuwa anamtazama. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua kutii, ambaye angeandika kesho lolote bibi yake atakalotamka leo. Hilo ndilo lililomtia Rosalie hofu. Yeye mwenyewe alikuwa na macho yaleyale mwaka elfu moja mia tisa themanini na mbili, akiwa na miaka kumi na sita, mbele ya baba yake.

Baba yao, Philippe, alikuwa planton, yaani tarishi wa ofisini, kwenye jumba la wakubwa wa kiwanda cha shaba. Hizo zilikuwa siku ambazo honi ya kiwanda ikilia alfajiri mji mzima ulisawazisha saa zake, na barabara ikajaa baiskeli mpaka mbwa wakangoja zamu yao kuvuka. Jumamosi wanawake walikwenda kuchukua poso, chakula cha wiki kilichotolewa na kiwanda, wakarudi na unga na samaki wakavu, wakicheka njia nzima. Rosalie akikumbuka siku hizo husema hewa ilinuka asidi na mkate. Wengine wanasema ilinuka asidi tu, lakini hao hawakulelewa karibu na tanuri la masista.

Kila siku saa nne kamili Philippe aliingia chumba cha wakubwa na sinia ya kahawa, akiwa na koti lake la vifungo sita. Na kila siku, kwa miaka kumi na saba, aliona jambo lilelile: nje ya mlango alisikia Kifaransa, akifungua mlango akiwa na sinia, Kifaransa kinakatika. Wazungu wawili watatu wanatazamana, wanaanza Kiflama. Siku moja, mbili, ungesema ni sadfa. Lakini miaka kumi na saba!

"Kifaransa ni luga ya kututuma," alimwambia Rosalie. "Kiflama njo luga ya kugawanya. Mu Kiflama banapanga nani atapanda cheo, nani ataongezwa mushahara, nani atafukuzwa. Weye utayiyua. Halafu nitakutafutia kazi ya dactylo, ya kupiga mashine, pale bureau, na siku moja tutayua yote."

Wasichana wenzake walikuwa wanajifunza Kiingereza shuleni. Yeye alipelekwa na baba yake, aliyebeba jogoo wa malipo chini ya kwapa, hadi nyuma ya nyumba ya uzazi ya parokia, alikokaa Masœur Godelieve. Mtawa huyo alikuwa mrefu, ana miguu mikubwa, na alifundisha akina mama kushona. Alikuwa Katanga tangu ujana wake. Mwenzake wa mwisho wa kusema naye Kiflama alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, na Philippe alipoeleza shida yake, yule mtawa alidhani anadhihakiwa. Akamwomba aseme tena. Aliposikia mara ya pili, akajifuta macho kwa aproni na kumrudisha jogoo.

Kwa hiyo Rosalie alijifunza Kiflama huku kitambaa kiko magotini, Jumatano na Jumamosi mchana. Maneno ya kwanza yalikuwa sindano, uzi na mkasi. Baadaye ikaja mvua, akaja ng'ombe, ikaja supu ya vitunguu. Ni lugha yenye sauti zinazotoka kooni kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, na nyumbani alipofanya mazoezi Pitshou mdogo alikuwa akimletea kipande cha bukari, yaani ugali, akimeze. Masœur alimsimulia kijiji chao, watoto kumi mezani, baba yao na ng'ombe wake, na mfereji ulioganda majira ya baridi wakapita juu yake kwa miguu kwenda shule. Rosalie, ambaye barafu aliiona kwa muuza nyama tu, alicheka akasema masista nao wanajua kutia chumvi. Walicheka wote wawili. Mpaka leo harufu ya kitambaa kipya ikichanganyika na ya mvua humrudisha pale, na hapo huacha kushona kidogo.

Miaka minne ikapita. Philippe akasujudia kila aliyestahili kusujudiwa na wengine wasiostahili, na Rosalie akapata nafasi ya mwanagenzi wa kupiga mashine za kuandika, kwenye chumba kidogo kilichotenganishwa na cha wakubwa kwa ukuta wa mbao. Siku ya kwanza, saa nne, akaona sinia inapita. Baba yake alimtupia jicho moja tu, jicho lililobeba miaka ishirini na mmoja. Mlango ukafunguka. Kiflama kikaanza.

Jioni Philippe alifunga dirisha, akakaa.

"Banasema nini?"

"Mama ya ule mwenye miwani alianguka, alivunjika kiuno," alisema Rosalie. "Ule mwingine alisema kwabo sasa ni wakati ya kutoa viazi mu udongo. Halafu balibishana juu ya supu."

"Supu?"

"Namna ya kuipika, baba."

Philippe akafikiri. Siku ya kwanza, labda. Kesho yake akauliza tena, na keshokutwa. Ilikuwa mbwa wa jirani wanaobweka, jino linalouma, mtoto aliyeanza shule huko kwao. Wiki tatu nzima hakuna jina la mtu, hakuna cheo, hakuna mshahara.

"Bantu bakubwa bale," alisema mwishoni, "bako na kiwanda yote mu mikono, na banakaa kusema supu? Ile masœur alikufundisha Kiflama ya kanisa. Ya bureau hauyiyue. Ao unayiyua, na unatufichia. Sasa uko muntu wa bakubwa."

Rosalie alilia usiku huo, kisha akaanza kutazama kwa makini. Hakukawia kuona. Kabla ya saa nne wale wazungu walikuwa na mafaili, na wahasibu Wakongomani mezani, na Kifaransa kinakwenda mbio. Sinia ikiingia, wahasibu wanaondoka kunywa chai yao, mafaili yanasukumwa pembeni, kalamu zinawekwa chini, mmoja anajinyoosha mgongo. Ni mapumziko. Na mtu akipumzika husema lugha ya mama yake, wewe na mimi vilevile. Kilichobadilisha lugha ni kahawa. Kwa miaka ishirini na mmoja Philippe alikuwa anaileta mwenyewe mikononi mwake.

Kwa ujinga wa ujana alikwenda akamwambia baba yake hivyohivyo, akidhani atafurahi.

"Ni kahawa?" alisema Philippe. "Minye, na akili yangu yote, ni kahawa?"

Hakuuliza tena. Kwa miezi mingi hakumsemesha binti yake moja kwa moja, wakiwa meza moja alimwambia Pitshou, "Ambia dada yako alete maji." Na katika maswali yake yote hakuuliza hata mara moja kama yule mama aliyevunjika kiuno alipona. Rosalie alijua kwamba alipona, kwamba alianza kutembea na fimbo, na kwamba mwanawe siku hiyo alisahau kunywa kahawa yake kwa furaha. Hakuwa na wa kumwambia.

Mwaka wa tisini na moja askari walipopora miji, wazungu wakaondoka, na mashine za kuandika zikafunikwa vitambaa ambavyo hakuna aliyevifunua tena. Masœur Godelieve naye aliitwa kwao, mzee sasa, miguu imevimba. Alimwachia Rosalie cherehani na mkasi. Pale mlangoni, gari likingoja, alimshika mashavu akamuuliza kwa lugha yao, "Sasa utasema na nani?" Rosalie aliitia cherehani kwenye mkokoteni, akaisukuma hadi Panda.

Na Philippe? Aliugua mwaka wa tisini na saba. Koti la vifungo sita lilikuwa bado limetundikwa msumarini. Siku zake za mwisho Rosalie ndiye aliyemlisha uji, na jioni moja mzee akamshika mkono.

"Rosalie. Bale bazungu. Kweli kweli, balikuwa banasema nini?"

Alisitasita. Kisha akasema, "Balisema Philippe ni mutumishi muzuri kupita bote. Balisema balikuwa na mupango ya kumupandisha kapita, musimamizi wa kazi. Ni vita tu njo iliharibu."

Uso wa mzee ukafunguka. "Niliyua," alisema. "Niliyua miaka yote." Akalala vizuri, na baada ya siku mbili tukamzika.

Haya yote Rosalie aliyasimulia barazani Jumapili ile. Kipande cha supu na cha kahawa walikuwa wakikijua. Alizoea kukisimulia kwenye arusi, watu wakavunjika mbavu. Kipande cha uji hawakuwahi kukisikia. Marlène alifunika mdomo. Pitshou alitazama viatu vyake, na safari hii hakumkatiza mtu.

"Siku moja tu baba aliniitika, aliamini maneno yangu," alisema Rosalie, "na ni ile siku nilimudanganya." Akavua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. "Njo maana siwezi kuchagulia mutoto luga. Baba alinichagulia, na alinichagulia mubaya, na mu roho yake alikuwa ananipenda. Gaëlle, chagua weye mwenyewe. Lakini kama ni juu ya siri, acha. Siri haiko. Batakusikilisha mambo ya supu, na hapa nyumbani batasema uko mwongo."

Théodore alichukua suruali yake taratibu, lakini hakuondoka.

"Kambo," alisema Gaëlle, kama anavyomwita bibi yake, "minye nilikuwa nataka Kichina mbele Mujomba Pitshou hayasema. Hapana juu ya siri." Akaeleza. Siku moja mbele ya famasia alimwona Mchina mmoja, kijana tu, ameshika tumbo, anamwonyesha muuza dawa kwa vidole, anainama, anafanya mikono hivi na hivi. Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. "Na minye nilicheka, kambo. Nilicheka sana. Halafu akatoka, akakaa chini pa barabara, na nikaona ako nalia. Toka ile siku niko na haya."

Rosalie alivaa tena miwani, akamtazama. Alikuwa amejiandaa kwa hoja za Pitshou, hakujiandaa kwa jambo hili.

"Basi andika Kichina," alisema. "Na ukichoka, rudi hapa, nitakufundisha kushona."

Jumatatu Gaëlle akaandika jina. Miezi kumi na minne alikwenda na kurudi kwa miguu, na jioni barazani sauti za ajabu zilipanda na kushuka, huku upande wa pili mishono ya cherehani ikihesabiwa kwa Kiflama. Théodore alisema nyumba hiyo sasa imekuwa bandari. Hatimaye kiwanda kimoja nje ya mji kikamchukua kwa majaribio, akae ofisini kati ya wakubwa na wafanyakazi.

Wiki yake ya kwanza ilikwisha Jumamosi. Aliporudi, Pitshou alikuwa amefika zamani, taxi-bus ameiegesha kando, kiti amekisogeza. Rosalie alikuwa anashona sare za shule. Gaëlle hakuwa hata amevua viatu.

"Eh, mwana! Bachinois banasema nini?"

Mguu wa Rosalie ukasimama juu ya kanyagio la cherehani.

Gaëlle alikaa chini. "Bakiwa mu kazi, banasema kazi, na hiyo minye natafsiri," alisema. "Saa ya chai, mumoja alisema kwabo baba yake batamupasua jicho, na hayue kama amurudie ao abaki. Mwingine alisema pilipili ya hapa haina moto. Balibishana ile mambo ya pilipili mpaka chai ikaisha."

"Na mishahara?"

"Hapana."

"Pilipili!" Pitshou alipiga paja. "Weye mutoto, unatufichia. Wiki moja tu, na uko muntu wabo?"

Gaëlle alimgeukia bibi yake, na midomo yake ilikuwa imeanza kucheza kama ya mtoto anayekaribia kulia. Rosalie aliweka sare mezani. Miaka karibu arobaini alikuwa amelisubiri neno moja kutoka kwa mtu ambaye sasa yuko makaburini, na sasa akaona kwamba neno lenyewe analo yeye.

"Minye naitika," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta. "Pitshou, nyamaza. Naitika yote." Akavuta kiti chake mpaka magoti yake yakagusana na ya msichana. "Na ule baba yake, ni jicho gani batapasua?"

"Ya kushoto, kambo."

"Ya kulia inaona vizuri?"

"Anasema inaona kidogo," alisema Gaëlle, na akaanza kumweleza.